Gari Lililopandishwa Cheo

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha, kabla hajagusa birika la chai, kabla hata hajamtukana paka wa jirani, Shangazi alikwenda kwenye pembe ya karakana yake, akavua ndara, akaketi juu ya kiti cha nyuma cha gari. Gari lenyewe halikuwepo. Kiti kilikuwa kimepandishwa juu ya matofali sita, kinatazama ukuta, kama abiria aliyeteremshwa njiani akakataa kukubali. Alikaa katikati, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, macho mbele. Hakusali, hakusinzia. Dakika tatu, nne, si zaidi. Kisha alivaa ndara zake, akakifunika kiti kwa shuka safi, na siku ikaanza.

Hakuna mwingine aliyekikalia. Mteja aliyechoka kusubiri alielekezwa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwenye nyumba alielekezwa kwenye ndoo ileile, na alikuwa mtu mnene. Paka wa jirani, ambaye hakuwa mwepesi wa kuelekezwa, alielekezwa kwa ufagio.

Binti wa kaka yake alikuwa akiishi katika chumba cha nyuma ya karakana tangu amalize chuo kikuu. Shangazi alimwita Msomi, na kwa namna alivyolitamka jina hilo ilikuwa vigumu kujua kama anasifiwa au anapewa pole. Kwa miaka miwili Msomi aliuona mkao ule wa asubuhi kupitia upenyo wa pazia, na kwa miaka miwili alikuwa na swali moja kooni. Hakuliuliza. Kwanza alikuwa mtu wa haya. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyekuomba radhi. Pili, siku alipohamia, Shangazi alimpokea kwa maneno haya: "Karibu, mwanangu. Kitanda kile, taa ya kusomea ile, maji yako nje. Maswali ulishayamalizia chuoni, sivyo?"

Kazi ya Shangazi ilikuwa kushona viti vya magari. Kabla ya kuwa na karakana yake, alishona miaka kumi na tisa katika gereji kuu ya serikali, mwanamke pekee kati ya wanaume thelathini na wawili waliojua kila kitu. Enzi hizo magari mengi ya idara yalitoka Uchina. Yalishuka melini yakiwa na nembo zilizoandikwa kwa maandishi ambayo hakuna mtu gerejini aliyeweza kuyasoma. Mafundi walikiri hivyo. Wakubwa walitazama nembo, wakatikisa kichwa taratibu, wakasema, "Naam," kisha wakaondoka haraka.

Pamoja na magari alikuja fundi mmoja wa Kichina, akakaa miezi minane. Alikuwa na chupa yake ya maji ya moto na alipenda kukaa karibu na cherehani ya Shangazi, labda kwa kuwa ndiyo mashine pekee pale ambayo haikuvuja mafuta. Ndiye aliyemwandikia majina kwa chaki kwenye ubao wa kukatia ngozi: Jiefang, yaani Ukombozi, Dongfeng, Upepo wa Mashariki, Yuejin, Kuruka Mbele, Hongqi, Bendera Nyekundu. Na Shanghai, ambalo halikumaanisha chochote zaidi ya mji wenyewe, jambo lililomfanya Shangazi alipende kuliko yote. "Hilo angalau halijisifu," alisema.

Wenzake walimwita Sindano, kwa ajili ya kazi yake kwanza, na baada ya wiki ya pili kwa ajili ya ulimi wake.

Alipostaafu aliondoka na cherehani yake, ubao wake wa kukatia ngozi, na ujuzi ambao hakuna aliyeuomba. Mtu akimletea mabaki ya gari la kale la Kichina, hata liwe limeoza mpaka halijui lenyewe ni nani, yeye hakutazama taa wala nembo. Aliingiza mkono chini ya kiti, akapapasa fremu na mpangilio wa springi, akatoa jina. "Jina la gari liko usoni," alikuwa akisema, "lakini ukweli wake uko chini ya makalio."

Mtazamo huo haukumpendeza Profesa Boneti. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa udereva na mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Magari ya Kale, chama chenye wanachama wanne na katiba ya kurasa arobaini. Uprofesa alijipa mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi. Siku moja mtu mmoja alileta kiti cha lori la marehemu babake kishonwe upya, na lori lenyewe likaegeshwa mlangoni. Profesa, aliyekuwa akipita, akasimama, akalipiga tairi teke, maana hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya uchunguzi wa kitaalamu.

"Mrusi huyu," akatangaza. "Mrusi mtupu. Tazameni uso."

"Lakini baba alisema ni la Kichina," mwenye lori akasema kwa unyonge.

"Baba yako alikuwa mtaalamu, au alikuwa dereva tu?"

Shangazi alikuwa ameshakipindua kiti. Akapitisha kiganja kwenye fremu mara moja, kama mtu anayempangusa mtoto vumbi. "Jiefang."

"Dada Sindano, kwa heshima yote, tazama uso!"

"Uso ni wa baba yake. Walichukua lori la Kirusi kama mfano, wakaunda lao. Mtoto kumshabihi mzazi si kosa, Profesa. Wewe mwenyewe sura yako umeitoa wapi, mbona hatujakuuliza?"

Mwenye lori alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Profesa aliandika kwenye daftari lake, "Lori la Kirusi, la asili ya Kichina," akaenda zake akiwa ameridhika kwamba wote wamekubaliana naye.

Msomi wakati huo alikuwa amepata kazi kwenye nyumba ya makumbusho ya mji. Kazi yake ilikuwa kuandika vijikaratasi vinavyowekwa kando ya vitu ndani ya makabati ya vioo: chungu hiki, shoka lile. Ilimfaa sana, maana vitu vya makumbusho havimwulizi mtu kwa nini hasemi. Ila aliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita, na wa sita ulikuwa unayoyoma pale lilipopatikana gari jeusi.

Lilipatikana nyuma ya ua wa idara fulani, chini ya turubai. Ndani halikuwa na viti wala zulia. Kuku walikuwa wameishi humo kwa vizazi vitatu na hawakuacha kumbukumbu za maandishi. Lakini juu ya boneti ilisimama bendera ndogo ya chuma, nyekundu, imeinama kidogo kana kwamba inapigwa na upepo. Mkurugenzi wa makumbusho alipoiona, alishika kifua. Chama cha Profesa Boneti kiliitwa. Profesa alipiga tairi teke, tairi likaanguka lote, na jina likatolewa papo hapo: Hongqi, Bendera Nyekundu, gari la wakubwa wa wakubwa, gari ambalo mji huu haukustahili hata kuliota. Kabla ya jua kutua Mkurugenzi alikuwa amekwisha kupanga siku ya uzinduzi, mgeni rasmi, na kadi za mwaliko zenye bendera nyekundu pembeni. Utafiti, alisema, utafuata.

Utafiti alikuwa Msomi. Ilitakiwa aandike maneno ya kibao cha shaba, kisha asaini fomu iliyosema: "Mimi mtafiti nathibitisha jina la gari hili." Kwa kuwa hakuwa hodari wa kuthibitisha asichokijua, alikwenda uani na futi ya kushonea ya Shangazi akalipima gari, kuku wakimtazama. Kisha akasoma. Alisoma wiki nzima, kama mtu anayetafuta udhuru wa kutosaini, na akaupata.

"Samahani," alisema kikaoni. Kikao kikaendelea. "Samahani," alisema tena, na safari hii mtu mmoja akampitishia jagi la maji. Mara ya tatu Mkurugenzi mwenyewe akamwona.

"Eeh, binti yetu. Umeshasaini?"

"Bado. Ni kwamba… Hongqi kubwa ya enzi hizo ina safu tatu za viti. Urefu wake karibu mita sita. Hili nimelipima. Halifiki hata mita tano."

Profesa Boneti akavua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Binti," alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "chuma kikizeeka hunywea. Hata mimi ujanani nilikuwa mrefu."

Katibu akaandika kwenye kumbukumbu: "Ilifafanuliwa kwamba chuma hunywea."

"Kwa hiyo tatizo ni hizo safu tatu tu," akasema Mkurugenzi, ambaye alipenda tatizo likiwa na namba. "Basi zishonwe! Kuna fundi yeyote wa gereji ya zamani aliye hai?"

Msomi alitazama meza. Profesa akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake wa siku nyingi, "Yupo mmoja."

Wakafika karakanani kesho yake mchana: Mkurugenzi mbele na suti yake, Profesa nyuma na daftari lake, na Msomi nyuma kabisa, akitamani angekuwa kuku. Mkurugenzi alisalimu, akatazama huku na huku, akakiona kiti kilichofunikwa shuka, akageuka ili akikalie.

"Ndoo ile pale, baba," akasema Shangazi bila kuinua macho kwenye cherehani.

Mkurugenzi akakaa kwenye ndoo. Akaeleza haja yake. Safu tatu, ngozi nyeusi, uzi mwekundu ikiwezekana, kwa heshima ya bendera.

"La namba gani gari hilo?" akauliza Shangazi.

Msomi akamtajia namba iliyopigwa kwenye chesisi. Cherehani ikanyamaza.

"Ninalifahamu," akasema Shangazi. "Lina safu mbili. Hiyo ya tatu nimshonee nani, mizimu?"

"Mama, ni Hongqi," akasema Profesa.

"Ni Shanghai. Hongqi tulikuwa nayo moja, siku zote imefunguliwa vipandevipande kama saa ya mtoto mtundu. Sasa siku moja akaja mgeni mkubwa, na bosi wetu alishamwahidi mtu huko juu kwamba mgeni atapokewa na gari la bendera. Gari la bendera halina injini. Mnafanyaje?"

"Mnaitengeneza," akasema Mkurugenzi.

"Wewe hukufanya kazi gereji. Tulikuwa na kopo la maziwa. Kila gari likipakwa rangi, fundi rangi alizing'oa nembo akazitupa mle koponi, na kwenye kurudisha ni bahati yako tu. Pale nimeona lori la mchanga limeitwa Upepo wa Mashariki kulia na Kuruka Mbele kushoto, na hakuna aliyelalamika. Basi bosi akatia mkono koponi, akaitoa bendera, akaambiwa haina skrubu. Akaja kwenye cherehani yangu hii, akafungua skrubu mbili za kifuniko, akaifunga nazo ile bendera kwenye Shanghai. Kufumba na kufumbua gari likapanda cheo! Halikufanya mtihani wala usaili. Kuna watu pale walikuwa wakisubiri cheo tangu mimi sijaajiriwa, wakasimama pale na spana zao wakiliangalia."

Mkurugenzi hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa mkurugenzi wa tatu kuteuliwa mwaka huo. "Mama, hadithi nzuri," alisema. "Lakini ushahidi?"

Cherehani ya Shangazi ilikuwa pale mbele yao, kifuniko chake kimefungwa kwa waya mahali pa skrubu mbili.

"Skrubu ni skrubu," akasema Profesa. "Pengine bendera halali ilidondoka, ikarudishwa. Tunazungumzia gari zima. Kiko wapi kitu cha gari hilo chenye jina lake? Hakuna. Kuku wamekula."

Shangazi akatazama pembeni, kwenye lile shuka, kwa muda usiozidi kupepesa jicho. Kisha akakanyaga cherehani. "Siwashonei," akasema.

"Basi tutampata mwingine," akasema Mkurugenzi, akinyanyuka na alama ya ndoo kwenye suruali. Mlangoni akamgeukia Msomi. "Ijumaa saa nne, fomu iwe imesainiwa. Ukiona vigumu, usione haya, useme tu. Kuna vijana wengi wanaotafuta kazi."

Jioni ile walikunywa chai pamoja karakanani.

"Utasaini?" Shangazi akauliza.

"Nisiposaini wataniondoa."

"Na ukisaini?"

"Jina langu litakaa chini ya uongo, kwa shaba." Msomi akazungusha kikombe. "Labda hakuna atakayesoma, Shangazi. Watu huwa hawasomi vile vibao."

"Wewe huwa unavisoma."

"Mimi ndiye ninayeviandika."

Shangazi aliinuka akaenda kwenye pembe, akalivuta shuka. Akakiinamisha kiti kwa upande, akaushika mkono wa Msomi na kuupitisha chini, kwenye chuma cha fremu. Chini ya vidole Msomi akahisi rangi ya mafuta iliyokauka kwa michirizi. Akaleta taa ya kusomea, akachungulia. Pale chini palikuwa na maandishi mawili ya Kichina, meupe, yaliyochorwa kwa brashi na mkono usio na haraka, na pembeni yake namba. Namba ya chesisi.

"Yule Mchina," akasema Shangazi. "Alipoona tunavyochanganya nembo, alishika kichwa. Lakini alikuwa mgeni, hawezi kumgombeza bosi wa watu. Akazunguka na brashi yake akiandika jina la kila gari chini ya kiti chake. Akaniambia, hapa hakuna mkubwa atakayeinama."

Msomi alibaki amechuchumaa. Ushahidi wote aliokuwa akiutafuta kwa wiki nzima ulikuwa umelala hatua nane kutoka kitandani kwake, umefunikwa shuka. Akaelewa pia kwa nini Shangazi hakukitaja kiti mbele ya wale wageni. Makumbusho yalikuwa kama kaburi: kilichoingia hakitoki, hata wenyewe walie vipi. Kikienda kiti, kimekwenda.

"Hapana," akasema, na ni mara chache sana alilitumia neno hilo. "Hiki ni chako. Nitatafuta kazi nyingine. Nitasema ninaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Chochote."

"Miaka yote hiyo chuo kikuu na hujui hata kuumwa vizuri." Shangazi akakipangusa kiti kwa kiganja, kutoka ukingo hadi ukingo, polepole. "Bosi alipokitoa ili aweke kiti kipya cha sponji, hiki kilitupwa mvuani. Nilikichukua na kibali cha getini, si kwamba niliiba. Nimekaa, mwanangu. Nimekaa vya kutosha. Kapige simu kwa mtu mwenye mkokoteni."

Ijumaa saa tatu na nusu walifika makumbusho nyuma ya mkokoteni, kiti kikiwa juu kimefunikwa shuka, kama bibi harusi mnene. Mlinzi wa geti aliinua mkono. Hakiingii kitu bila karatasi. Shangazi akatoa kwenye mkoba wake karatasi iliyokunjwa mara nne, ya manjano kwa uzee, yenye muhuri. Mlinzi akasoma kwa sauti: "Kitolewe getini: takataka, kiti kimoja." Akafikiri. "Hii ni ya kutokea, mama."

"Ndiyo. Ilitoka takataka, sasa inarudi historia. Muhuri si unauona?"

Mlinzi aliuona muhuri, na muhuri ulimtosha.

Uani walikuwepo wote: Mkurugenzi na fomu, Profesa na wanachama wake watatu, na gari jeusi limesuguliwa mpaka linang'aa. Shangazi hakusalimia sana. Alifungua mlango wa nyuma, yeye na mwenye mkokoteni wakakiingiza kiti kwa ubavu, akapiga goti, akakisukuma. Kulabu mbili za sakafuni zikaingia kwenye fremu. Klak! Kilikaa kwa usawa kama jino mdomoni, huku hakikugusa, kule hakikuachia. Na mbele yake, hadi kilipopaswa kukaa kiti cha dereva, palibaki nafasi ya magoti ya mtu mmoja wa kawaida.

"Haya, Profesa," akasema Shangazi. "Hapo katikati tia safu ya tatu. Ukiweza, nakushonea bure na wewe mwenyewe."

Profesa akachungulia. Akapima kwa shubiri. "Inawezekana viti vya watoto…" akaanza, akaacha.

"Kitoeni tena," akasema mtu. Wote wakageuka, maana hawakuitambua sauti hiyo. Ilikuwa ya Msomi. "Tafadhali. Kipinduliwe, wasome chini."

Kikatolewa, kikapinduliwa. Maandishi mawili meupe yakatazama jua kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kila mmoja akamtazama Profesa Boneti, mtaalamu. Profesa akainama, akakunja uso, akafuata michirizi kwa kidole.

"Naam," alisema.

"Imeandikwaje?" akauliza Mkurugenzi.

"Imeandikwa vizuri."

"Ni jina gani, mzee?"

"Mwandiko huu, unajua, ni wa zamani…"

"Shanghai," akasema Msomi. Alikuwa ametoa simu yake na picha ya ubao wa kukatia ngozi, ambao maandishi yake Shangazi aliyafuatiza kwa misumari zamani ili yasifutike. Akaiweka picha kando ya maandishi ya kitini. Hata kuku angeona yanafanana. "Na namba hii ni ya chesisi ya gari hili hili. Mimi siwezi kusaini Hongqi. Shanghai nasaini sasa hivi. Kalamu ninayo."

Maneno yalikuwa yameshatoka, na maneno ni kama mtoto, yakishatoka hayarudi. Mkurugenzi alitazama kiti, akatazama bendera, akatazama boksi la kadi za mwaliko mia tatu zilizokwisha kuchapwa. Uso wake ulipita hatua zote za msiba. Kisha ukang'aa.

"Kadi zinasema 'Siku ya Bendera Nyekundu'," alisema taratibu. "Bendera ipo?"

"Ipo," wanachama wakaitikia.

"Ni nyekundu?"

"Nyekundu."

"Basi hatujamdanganya mtu. Gari ni Shanghai, na bendera yake ina historia. Nilihisi tangu mwanzo." Akamgeukia Profesa. "Chama mlisema nini?"

"Chama," akasema Profesa Boneti, akifungua ukurasa mpya, "tulisema ni Shanghai, lenye tabia za Hongqi."

Shangazi akaomba skrubu zake mbili. Akajibiwa kwamba sasa ni mali ya makumbusho.

Msomi alisaini. Kwa kosa la kuwa sahihi kabla ya wakati, hakufukuzwa wala hakuthibitishwa; aliongezewa majaribio miezi mitatu. Maneno ya kibao aliyaandika usiku mmoja tu: "Shanghai. Bendera iliyo mbele ni ya gari jingine. Iliwekwa gerejini siku ya mgeni, ikasahaulika. Kiti cha nyuma ni kazi ya fundi wa kike wa gereji hiyo, Sindano." Mkurugenzi aliyasoma mara mbili, akaikata sentensi ya mwisho kwa sababu kibao kilikuwa kidogo. Jina lake mwenyewe, lenye herufi nyingi zaidi, lilienea bila shida.

Siku ya uzinduzi Shangazi alivaa nguo yake nzuri, akasimama safu ya nyuma, akasikiliza hotuba nne. Mgeni rasmi alikata utepe, akalisifu gari kwa jina la Hongqi, akapigiwa makofi. Watu walipokwenda kunywa soda, Shangazi alisogea hadi kwenye kamba iliyolizungusha gari. Mlango wa nyuma ulikuwa umeachwa wazi ili kiti kionekane. Juu yake kilikuwa kimeegeshwa kibao kidogo kipya, kazi ya ofisi, si ya Msomi: HAIRUHUSIWI KUKALIA.

Msomi alikiona wakati uleule, akamsogelea. "Shangazi, sikujua. Ningewaambia…"

Shangazi alikuwa anacheka, cheko la chinichini, la tumboni. "Waache," akasema. "Hawa angalau wameandika. Wale wa gereji walikuwa wanapiga kelele."

Asubuhi iliyofuata Msomi aliamka mapema, akasogeza pazia. Matofali sita yalikuwa palepale, matupu. Shangazi alitoka chumbani, akavua ndara kwa mazoea, akasimama mbele ya matofali kitambo. Kisha akaivuta ndoo, akaipindua, akakaa na birika la chai miguuni. Paka wa jirani akaingia, akalala juu ya matofali, na hakufukuzwa.

Msomi alitoka nyuma ya pazia. Akajimiminia chai ili mikono iwe na kazi.

"Shangazi," akasema, "kwa nini ulikuwa unakikalia kila asubuhi?"

Shangazi alipuliza chai yake.

"Nilikishona mimi," akasema, "halafu wakanikataza kukikalia."